Mizani ya barua iliyoning'inia kidoleni

Kuanzia tarehe 1 Oktoba 1907, barua iliyovuka mipaka ya nchi ilipewa gramu 20 kwa bei ya kwanza. Ilipozidi hapo, mtumaji aliongeza stempu. Asipoongeza, posta ilimdai mpokeaji pengo hilo pamoja na faini. Umoja wa Posta Duniani ulipitisha kiwango hicho katika mkutano wake wa Roma mwaka 1906, na zaidi ya karne moja baadaye gramu 20 bado ni ngazi ya kwanza katika orodha za bei za posta nyingi. Kila aliyeandika barua ya kwenda mbali alikutana na swali lile lile kabla ya kufunga bahasha: imevuka au haijavuka?

Swali hilo lilizaa chombo chake. Ni mizani ndogo inayoenea kiganjani, haina sahani wala haihitaji meza. Inashikwa kwa kidole kimoja, barua inabanwa chini yake, na jibu linasomwa papo hapo. Vijana wengi wa Bujumbura hawajawahi kuiona. Wazee waliofanya kazi katika ofisi, misheni na maduka ya Quartier Asiatique wanaikumbuka vizuri. Naiandikia makala hii kwa sababu naamini ni mojawapo ya vyombo vilivyobuniwa kwa akili nyingi kabisa kati ya vyote vilivyowahi kukaa kwenye meza ya karani, na kwa sababu zilizobaki zinaishia kwenye mafungu ya shaba chakavu.

Ile iliyo mbele yangu ninapoandika ilitoka mtaa wa Buyenzi, kwa fundi mmoja mzee aliyeikuta ndani ya mzigo wa shaba akakataa kuiyeyusha. Juu ina pete ya kupitisha kidole. Chini ya pete kuna msumari mwembamba ambao ndio mhimili, na juu ya msumari huo umetundikwa mwili wa mizani, bamba la shaba njano lililokatwa kwa umbo la robo duara na kupakwa nikeli ambayo sasa imebanduka pembezoni. Upande mmoja bamba linabeba jiwe, yaani donge la shaba nene lililounganishwa moja kwa moja na mwili. Upande wa pili unaning'inia mkono mfupi wenye kibanio cha meno. Kwenye ukingo wa robo duara imechongwa mistari na tarakimu. Kutoka kwenye mhimili inashuka sindano nyembamba iliyolegea, ambayo daima inaelekea ardhini.

Bana barua na utaona kinachotokea. Sindano haisogei. Kinachosogea ni mwili wenye alama: uzito wa barua unavuta upande mmoja kwenda chini, jiwe linainuliwa upande wa pili, bamba linazunguka polepole, linayumba kidogo, kisha linatulia. Tarakimu iliyo chini ya sindano ndiyo uzito. Hakuna springi, hakuna gurudumu, hakuna mawe ya kuongeza na kupunguza. Kipande kinachotembea ni kimoja tu, ukiacha kibanio.

Uzuri wa kwanza umo katika kuning'inia kwenyewe. Mizani za barua za kusimama mezani, zinazotumia kanuni hii hii ya jiwe na robo duara, zina udhaifu mmoja mkubwa: meza ikiinama, zinadanganya. Ndiyo maana nyingi ziliwekewa skurubu chini ya mguu ili mwenyewe azisawazishe kabla ya kupima. Ile ya kuning'inia haina haja hiyo. Ikishikwa kwa pete, inajitafutia wima yake yenyewe, kwa sababu mvuto wa dunia unaivuta sawasawa ikiwa ofisini, ndani ya meli au chini ya mwembe. Aliyeibuni hakuongeza kifaa cha kuondoa kosa. Aliondoa kile kilicholeta kosa. Huo ndio ubunifu ninaouheshimu kuliko wote.

Uzuri wa pili hauonekani mpaka utazame nafasi kati ya mistari. Mistari ya gramu za mwanzo imeachana sana. Kadiri tarakimu zinavyopanda, mistari inasogeleana, hadi mwishoni inakuwa imebanana kiasi cha kumchosha msomaji. Mtu anaweza kudhani mchongaji alikosa nafasi. Sivyo. Jiwe linapoinuka ndivyo linavyozidi kutoka pembeni na kupata nguvu ya kupinga, na mkono wa barua nao unapoteza yake, kwa hiyo kila gramu mpya inazungusha bamba kidogo kuliko iliyotangulia. Chukua mfano wa mizani ambayo gramu 20 za kwanza zinaizungusha nyuzi 30. Gramu 40 zitaifikisha nyuzi 49. Gramu 100 zitaifikisha nyuzi 71 hivi, na kutoka hapo hadi gramu 120 haitasogea zaidi ya nyuzi 3. Gramu 20 zilezile zimezungusha nyuzi 30 mwanzoni na nyuzi 3 mwishoni.

Kwa muuza sukari hiyo ingekuwa mizani mbovu. Kwa mwandishi wa barua ni mizani kamili. Barua nyingi zina uzito mdogo, na pale penye mpaka wa bei ya kwanza ndipo anapohitaji kuona tofauti ya gramu moja kwa macho. Kifurushi cha gramu 200 hakina haja ya usahihi huo. Umbile la chombo limeweka ukali wake mahali pesa ya mtumaji ilipokuwa hatarini, na limefanya hivyo bila kuongezewa hata kipande kimoja.

Safari ya mizani hizi ilianzia Uingereza. Kabla ya mwaka 1840, bei ya barua huko ilihesabiwa kwa umbali na kwa idadi ya karatasi, na mara nyingi mpokeaji ndiye aliyelipa. Mwingereza Rowland Hill alipendekeza utaratibu mwingine kabisa: bei moja nchi nzima, ilipwe na mtumaji, ihesabiwe kwa uzito. Tarehe 10 Januari 1840 senti moja ya Kiingereza, yaani peni, ilianza kusafirisha barua ya nusu wakia kwenda popote nchini, na mwezi Mei stempu ya kwanza duniani, Penny Black, ikaanza kutumika. Tangu siku hiyo kila nyumba iliyoandika barua ilihitaji kujua nusu wakia ni nini. Viwanda vya Birmingham vikaanza kutoa mizani za kila sura: za sahani mbili kwa kanuni ya Mfaransa Roberval ya karne ya 17, za umbo la kinara cha mshumaa, za mkono mmoja wenye kitelezi, na za springi ndani ya bomba jembamba la kuingia mfukoni.

Mwaka 1874 nchi 22 zilikutana Bern, Uswisi, zikaunda umoja wa posta ambao leo ndio Umoja wa Posta Duniani. Kiwango cha kwanza walichokubaliana kilikuwa gramu 15, karibu sawa na ile nusu wakia ya Waingereza, ambayo ni gramu 14 na kidogo. Hapo ndipo Wajerumani walipoingia kwa nguvu katika biashara hii. Mizani nyingi za kuning'inia za aina ya jiwe na robo duara zilitoka katika karakana zao mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, na kupitia Wajerumani hao zikaweza kufika Afrika Mashariki.

Huku kwetu uzito wa barua ulikuwa na maana ambayo karani wa Berlin hakuijua. Kabla ya reli, barua ilibebwa na binadamu. Mzigo wa mpagazi ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Ukigawa kwa gramu 20, ni barua 1,600 juu ya mabega ya mtu mmoja anayekwenda kwa miguu kutoka pwani hadi ziwani. Na safari ile haikuwa na uhakika. Mpelelezi Stanley alipofika Unyanyembe mwaka 1871 alikuta kifurushi cha barua za mpelelezi mwenzake, Livingstone, chenye tarehe ya 1 Novemba 1870, kimekwama huko. Alikichukua akampelekea Ujiji. Muda mfupi baadaye wote wawili walipanda mtumbwi kwenda kaskazini kuuchunguza Mto Rusizi, na jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, bado lina majina yao na tarehe ya 25 Novemba 1871.

Wajerumani waliweka kambi ya kijeshi Usumbura, Bujumbura ya leo, mwaka 1897. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Muyaga mwaka 1898 na ya Mugera mwaka uliofuata. Askari wanaandika ripoti, mapadre wanaandika kwa wakubwa wao Ulaya, wafanyabiashara wa ufukweni wanaandika Ujiji, Tabora na Unguja. Matarishi wanabeba. Reli ya kati ilipofika Kigoma mwaka 1914, barua ya Usumbura ilipata njia mpya: kwa chombo cha majini hadi Kigoma, kisha garimoshi hadi Dar es Salaam.

Kuna sarafu ya enzi hiyo ambayo mpenzi wa mizani za barua lazima aijue. Mwaka 1908 na 1909 Wajerumani walitoa kwa ajili ya koloni lao sarafu kubwa ya shaba ya heller 5, pana kuliko milimita 37. Uzito wake ni gramu 20. Sarafu ya heller 1 ina gramu 4. Anayekuta heller 5 isiyochakaa ana jiwe la kupimia lililo sawa na mpaka wa barua ya kimataifa wa wakati huohuo. Ile ninayoitumia imelika kidogo kwa kupita mikono mingi, na sindano inasimama nywele moja kabla ya mstari wa 20, kama inavyostahili.

Ninapotazama chombo hiki nafikiria zaidi ya yote jinsi kilivyopita katika historia ya nchi yetu bila kubadilishwa. Stempu hazikuweza kufanya hivyo. Za Wajerumani zilikuwa na picha ya meli ya mfalme wao, kwanza kwa bei za pesa na rupia, kisha kuanzia mwaka 1905 kwa heller. Wabelgiji waliingia Usumbura Juni 1916, na stempu za Kongo zikagongwa muhuri wa maandishi ya Kifaransa na Kiholanzi kutangaza kwamba hapa ni eneo lililokaliwa. Mwaka 1924 yakaja maandishi ya Ruanda-Urundi. Tarehe 1 Julai 1962 Burundi ilipata uhuru, Usumbura ikawa Bujumbura, na stempu za zamani zikagongwa jina la Ufalme wa Burundi. Novemba 1966 Micombero akatangaza jamhuri, na muhuri mwingine ukagongwa juu ya stempu. Katika miaka yote hiyo, aliyekuwa na mizani ya gramu hakuhitaji kubadilisha hata mstari mmoja. Bendera ilishuka, nyingine ikapanda, sarafu ikabadilika, na gramu 20 zikabaki gramu 20.

Si kila mtengenezaji alikuwa na hekima hiyo. Baadhi, hasa Uingereza, walichonga bei ya stempu badala ya uzito, ili mnunuzi asihangaike kuhesabu. Bei ilipobadilika, mizani ikawa ya kutazamwa tu. Waliochonga gramu waliuamini uzito, na uzito haukuwaangusha. Ng'ambo ya mpaka nako kuna tofauti nyingine: Tanganyika ilipoingia mikononi mwa Waingereza, ofisi za Kigoma zilifanya kazi kwa wakia na ratili, wakati Usumbura iliendelea na gramu. Mizani ya zamani inayopatikana leo kati ya Nyanza-Lac na Kigoma inaweza kukuambia kwa alama zake ilikuwa ikitumikia upande gani.

Alama nyingine zinasema umri. Herufi D.R.G.M. zilizochongwa mgongoni ni ulinzi wa kisheria wa ubunifu ulioanzishwa Ujerumani mwaka 1891, kwa hiyo mizani yenye herufi hizo haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. D.R.P. ni hataza, na zenyewe zinaanzia mwaka 1877. Tazama pia mstari upi umechongwa mrefu au mzito kuliko mingine. Kama ni 15, huenda unashika chombo kilichobuniwa kabla barua ya kimataifa haijapandishwa hadi gramu 20. Kama ni 20, huenda ni cha baadaye. Kuna zilizo na yote mawili, na hizo ndizo ninazozipenda, maana zinaonyesha mtengenezaji aliyekuwa akiuza wakati sheria ilikuwa njiani kubadilika.

Watu huniuliza kama springi haikuwa bora. Springi ni rahisi, ni imara, na inavumilia kutupwa ndani ya sanduku. Mama yeyote wa Burundi aliyempeleka mtoto kliniki anaijua: mizani ya duara ya Salter inayofungwa juu, kilo 25, mtoto akining'inia ndani ya suruali ya kitambaa. Kampuni ya Salter ilianza kutengeneza springi Bilston, Uingereza, mwaka 1760, na iliuza pia mizani za barua. Lakini springi huchoka. Ikivutwa miaka mingi hurefuka, na sifuri huhama. Pia springi hupima nguvu ya mvuto, na mvuto si sawa kila mahali. Bujumbura iko karibu na ikweta na juu ya usawa wa bahari kwa mita zaidi ya 770. Springi iliyopigwa alama Berlin ikiletwa hapa itaisoma kilo moja pungufu kwa gramu 3 na nusu hivi. Kwa barua ya gramu 20 tofauti hiyo ni ndogo mno, haimwongezei mtu stempu. Hata hivyo napenda kujua kwamba mizani ya jiwe haina kosa hilo kabisa. Mvuto ukipungua kwa barua, unapungua vilevile kwa jiwe.

Maadui wa mizani ya jiwe ni wengine: vumbi kwenye mhimili na mikono yenye nia njema. Mtu anaikuta imechafuka, anaisugua kwa dawa ya kung'arisha shaba hadi mistari inafutika. Mwingine anatia mafuta kwenye msumari, mafuta yanakamata vumbi, na baada ya mwezi bamba halitulii tena mahali pamoja. Mwingine anapoteza kibanio na kuweka kipya kilicho kizito zaidi, bila kufahamu kwamba kibanio ni sehemu ya hesabu na kwamba sifuri imeshahama. Brashi laini inatosha. Mhimili uachwe mkavu. Jiwe lisiguswe kwa tupa kamwe. Kibanio kikipotea, fundi mzuri wa Buyenzi anaweza kutengeneza kingine, mradi akipunguze kidogo kidogo mpaka sindano irudi kwenye sifuri bila barua.

Kuijaribu si kazi. Karatasi ya kawaida ya A4, ile ya gramu 80 kwa mita mraba, ina gramu 5, kwa sababu karatasi 16 za namna hiyo zinatimiza mita mraba moja. Bana moja, mbili, tatu, nne. Sindano ipite kwenye 5, 10, 15 na 20. Ikikosea kiasi kilekile kila mara, kasoro iko kwenye kibanio au jiwe. Ikikosea ovyo ovyo, kasoro iko kwenye mhimili. Mwalimu wa fizikia mwenye chombo hiki kimoja na karatasi nne ana somo zima la mwenzo na mvuto bila kuomba maabara, na wanafunzi wake wanaweza kulichora jedwali la nyuzi na gramu kwa mikono yao.

Kuna jambo moja zaidi ambalo kwangu ni kubwa kuliko fizikia. Mizani ya karani ilikuwa nyuma ya kaunta, na neno la karani lilikuwa la mwisho. Mizani ya kuning'inia ilikuwa mikononi mwa mtumaji. Mwenye nayo alifika posta akiwa ameshajua barua yake ina gramu ngapi na inadaiwa stempu ya bei gani. Katika mji ambamo kwa miongo mingi aliyekuwa nyuma ya kaunta alikuwa na mamlaka na aliyekuwa mbele yake hakuwa nayo, kujua uzito wako mwenyewe kabla ya kuambiwa kulikuwa na thamani ambayo haipimiki kwa gramu.

Burundi ina mahali pa kuvihifadhi vyombo vya namna hii. Makumbusho ya Taifa yako Gitega tangu mwaka 1955, na hapa Bujumbura kuna Musée Vivant. Yote mawili yanajulikana kwa ngoma, mikuki, vikapu na nyumba ya jadi, na ni haki iwe hivyo. Lakini historia yetu ina pia barua, na watu walioziandika, waliozibeba na waliozipima. Rafu moja yenye mizani ya posta, stempu za vipindi vyote na heller 5 ingemfundisha mtoto wa shule karne nzima kwa dakika chache.

Kwa hiyo ninawaomba wasomaji, hasa familia za makarani wa zamani, parokia kongwe na wenye maduka waliorithi madawati ya baba zao: fungueni droo. Mkikuta robo duara ya shaba yenye pete na kibanio, msiisugue na msiiuze kwa kilo. Andikeni kwenye karatasi ilikuwa ya nani na ilitumika wapi, ifungeni pamoja nayo, kisha ipelekeni makumbusho.